MATEMBEZI YA MZEE: Le Chambon, Kijiji cha Wakulima Mlimani

Mwaka umezunguka tena, mhariri wetu amekwisha nigongea mlango mara tatu akidai ukurasa wake, nami sina budi kulipa. Mwaka jana niliwatembeza bandarini Marseille. Baadhi yenu mliniandikia mkasema, "Mzee, kila mwaka watupeleka bandarini, kwani nchi za watu hazina bara?" Mmesema kweli. Sisi watu wa pwani tukifika mahali popote, macho yetu hutafuta maji kwanza. Basi safari hii nimeipa bahari kisogo, nikapanda mlima.

Binti yangu, kama mjuavyo, ameolewa mjini Lyon. Nilipokwenda kumtazama mwishoni mwa kiangazi, mkwe wangu akaniuliza, "Baba, ungependa kuona nini?" Nikamwambia nimechoka na makanisa makubwa na majumba ya wafalme, nataka kuona wakulima. Akafikiri kidogo, kisha akasema iko sehemu moja ambayo mtu kama mimi ingempasa aione. Sikumuuliza mtu kama mimi ni mtu wa namna gani. Asubuhi yake tukaingia garini, mimi, yeye na mjukuu wangu wa miaka kumi na miwili.

Ukitoka Lyon unapita Saint-Étienne, mji uliokuwa wa makaa ya mawe na viwanda. Baada ya hapo barabara huanza kupanda na kujizongazonga kama mkia wa nyoka. Hewa hupoa, misonobari huja pande zote mbili, na masikio huziba. Baada ya mwendo wa saa mbili hivi tangu Lyon mnatokea juu, kwenye uwanda mpana wenye majani mabichi. Hapo ndipo kilipo kijiji kiitwacho Le Chambon-sur-Lignon, katika wilaya ya Haute-Loire, kadiri ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kina watu wapatao 2,500 tu, na wengi hawakai penye duka na kanisa bali wametawanyika mashambani.

Sura ya nchi ile ni ya ajabu kwa mgeni. Zamani za zamani palikuwa na volkano, na hata leo vilima vyake vimesimama kimoja kimoja kama vikombe vilivyofudikizwa mezani. Kilima cha Lizieux, kisicho mbali na kijiji, kina mita 1,388. Na kusini yake uko mlima Mézenc wenye mita 1,753. Karibu na huko, chini ya mlima uitwao Gerbier-de-Jonc, ndiko unakoanza mto Loire, ulio mrefu kuliko yote ya Ufaransa, unaokwenda zaidi ya kilomita 1,000 hadi Bahari ya Atlantiki. Mto mdogo wa Lignon unaopita kijijini nao humwaga maji yake humo.

Ardhi yenyewe si tajiri. Mawe ni mengi na majira ya joto ni mafupi. Tangu zamani watu walilima viazi na rai, nafaka jamaa ya ngano inayostahimili baridi, wakafuga ng'ombe, wakachuma uyoga na matunda madogo meusi ya porini. Nyumba zao ni za mawe, kuta nene, na mapaa yake ya zamani yameezekwa kwa vipande vya mawe mapana na mazito. Binadamu na ng'ombe walikaa chini ya paa moja, ili joto la zizi liwafae watu wakati wa baridi. Maana huko baridi si mzaha. Kuna upepo wa kaskazini wanaouita "burle", ambao huokota theluji iliyokwisha anguka na kuirundika barabarani mpaka njia zikazibika. Mjukuu wangu alipoyasikia hayo akaniuliza, "Babu, kwani hapa pana nini?" Nikamjibu, "Subiri."

Ama historia yake ndiyo iliyotupeleka. Watu wengi wa uwanda ule ni Waprotestanti tangu karne ya 16, katika nchi ambayo walio wengi ni Wakatoliki. Mwaka 1598 Mfalme Henri wa Nne alitoa amri mjini Nantes ya kuwaruhusu Waprotestanti wafuate dini yao. Mji wa Nantes uko kwenye mto ule ule wa Loire, karibu na bahari. Kwa hiyo maji ya kijiji hupita huko kila siku. Lakini mwaka 1685 Mfalme Louis wa Kumi na Nne aliifuta amri hiyo. Makanisa yao yalibomolewa, wachungaji wakafukuzwa nchini, na wanaume waliokamatwa wakisali kwa siri wakafungwa minyororo kwenye merikebu za makasia. Wanawake walitiwa gerezani. Binti mmoja wa nchi jirani ya Vivarais, aitwaye Marie Durand, alifungwa mwaka 1730 katika mnara wa Aigues-Mortes, na hakutoka mpaka mwaka 1768. Hesabuni wenyewe: miaka 38.

Waliobaki walisali msituni na mapangoni, wakaweka watu wa kupiga kelele askari wakionekana. Wengine wengi wakakimbia nchi, na kundi kubwa likaja huku Uingereza. Nyinyi mnaokaa London mnaupita msikiti mkubwa wa Brick Lane. Jengo lile lilijengwa mwaka 1743, nao ndio walioliweka, wakimbizi wa Kifaransa, liwe kanisa lao. Baadaye likawa sinagogi la Mayahudi, na mwaka 1976 likawa msikiti. Hata neno ambalo Waingereza hutuitia sisi wakimbizi lilitoka kwa watu hao. Basi tusidhani tulikuwa wa kwanza kulivaa.

Waliosalia mlimani hawakusahau. Katika nyumba zile bibi aliwasimulia wajukuu mambo ya merikebu na gereza kama sisi tulivyosimuliwa ya babu zetu. Tena likaingia jambo jingine, dogo kwa kulitazama. Mwaka 1893 mchungaji mmoja wa Saint-Étienne, Louis Comte, alianza kuwapeleka mlimani watoto wa wafanya kazi wa mjini waliokuwa dhaifu kwa moshi na njaa, wakae na wakulima wapate maziwa na hewa safi. Wakulima walilipwa kitu kidogo. Baadaye ikaja reli nyembamba, gari moshi likapanda mpaka kijijini, na nyumba za kupangisha wageni wa kiangazi zikaongezeka. Kwa hiyo mtu wa huko akimwona mtoto asiyemjua anachunga ng'ombe wa jirani, hakushangaa. Shikeni neno hili, maana litatufaa.

Mwaka 1934 alifika mchungaji aitwaye André Trocmé pamoja na mkewe, Magda. Mwaka 1938 yeye na mwenzake Édouard Theis wakafungua skuli ya sekondari. Kisha vita vikaja. Tarehe 22 Juni 1940 Ufaransa ilitia sahihi mkataba wa kuacha kupigana na Ujerumani, na kesho yake, Jumapili, wachungaji hao waliwaambia waumini wao kwamba nguvu ya mabavu ipingwe kwa nguvu ya moyo, na kwamba wasitii amri iliyo kinyume cha dhamiri zao. Muda si mrefu serikali mpya ya Vichy ikatunga sheria za kuwabana Mayahudi. Baadaye ikaanza kuwakamata na kuwakabidhi kwa Wajerumani, nao wakapelekwa kuuawa.

Basi watu wakaanza kupanda mlima. Walikuja kwa gari moshi dogo lile lile la watoto wa Saint-Étienne: Mayahudi wa Ujerumani, wa Austria, wa Poland na wa Ufaransa yenyewe, na kabla yao Wahispania waliokimbia vita vya kwao. Wengine walipata nafasi katika nyumba za watoto zilizofunguliwa na mashirika ya misaada ya Uswisi na kwingineko. Wengine walipiga hodi tu kwa wakulima. Mwezi Agosti 1942 polisi walikuja na mabasi ya kubebea watu, wakakaa wiki kadhaa wakipekua mashamba. Waliondoka na mabasi karibu matupu. Habari ilikuwa imetangulia, na watoto wakapelekwa msituni na kwenye mashamba ya mbali.

Sasa mnaona jinsi nchi yenyewe ilivyosaidia. Nyumba zimetawanyika, huwezi kuzizunguka zote kwa siku moja. Gari likipanda mlima linasikika na kuonekana kabla halijafika. Wakati wa baridi theluji huziba njia. Chakula kipo, japo kidogo, kwa mwenye ng'ombe na viazi. Na mtoto mgeni si kioja. Palihitajiwa pia vyeti vya uongo na kadi za chakula. Kijana mmoja Myahudi, Oscar Rosowsky, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka ishirini, alivitengeneza kwa mamia, na vifaa vyake vikafichwa katika mizinga ya nyuki ya mkulima aliyemweka. Hakuna askari apendaye kupekua mzinga.

Lakini milima haifungui mlango. Mlango hufunguliwa na mwenye nyumba. Na waliofungua walilipa. Februari 1943 Trocmé na Theis, pamoja na mwalimu mkuu wa skuli ya kijiji, walikamatwa wakawekwa kizuizini kwa majuma kadhaa. Tarehe 29 Juni 1943 polisi wa Kijerumani walivamia nyumba moja ya wanafunzi, wakachukua vijana 18 pamoja na msimamizi wao, Daniel Trocmé, kijana wa ukoo wa mchungaji. Daniel alifia katika kambi ya Majdanek mwaka 1944. Daktari wa kijiji, Roger Le Forestier, alipigwa risasi karibu na Lyon tarehe 20 Agosti 1944, siku chache tu kabla mji ule haujakombolewa.

Waliookolewa walikuwa wangapi? Hesabu inayotajwa mara nyingi ni 5,000, na wako wanahistoria wanaoipunguza. Waliokuwa wakificha watu hawakuandika daftari. Mwaka 1990 taasisi ya Yad Vashem ya Jerusalem iliwapa heshima watu wa uwanda mzima, siyo mtu mmoja mmoja tu.

Hayo yote mtayakuta katika nyumba ya kumbukumbu iliyofunguliwa kijijini mwaka 2013, mkabala na kanisa. Tuliizunguka kwa saa moja na nusu. Mjukuu wangu alisimama muda mrefu mbele ya picha za watoto wa rika lake.

Tulipotoka tukaenda shamba moja kununua jibini. Mwenye shamba alikuwa uwanjani na mashine zake, na mama yake, bibi wa miaka tisini na kitu, alikaa mlangoni juani kama wakaavyo bibi zetu barazani. Mkwe wangu akamwamkia kwa adabu, akamwambia mimi natoka Uingereza lakini asili yangu ni Zanzibar. Bibi akanitazama, akaomba niletewe kiti. Tukazungumza, mkwe wangu akifasiri.

Nilimuuliza kama nyumba yao nayo iliweka watu wakati wa vita. Akasema ndiyo, mvulana mmoja, kwa miezi kumi na minne. Alilala kitanda kimoja na kaka yake, akajifunza kukamua. Nikamwambia wazee wake walifanya jambo kubwa. Akatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Akasema, "Mama aliongeza maji katika supu, basi." Tena akaongeza kwamba si kila mtu alikuwa malaika, wengine walitoza kodi, wengine waliogopa, na baba yake mwenyewe aliogopa kila usiku.

Nikamuuliza, "Na yule mvulana, alikuwa nani baadaye?"

Hapo akanyamaza. Kisha akasema vita vilipokwisha alikuja mjomba wake akamchukua, na hakuandika tena. "Hatukumdai kitu," alisema. "Lakini kila Krismasi, mpaka anakufa, mama aliuliza: jamani, yule mtoto yu hai?"

Wasomaji wangu, nilishika kipande cha jibini mkononi nikashindwa kukitia mdomoni.

Wengi wenu mnajua nilivyotoka kwetu mwaka 1964. Nilikuwa na miaka tisa. Tulivuka usiku kwa mashua, mama, mimi na dada zangu wawili, tukafika Mombasa na bahasha moja na mto wa kulalia. Mama alikuwa na jina la mtu mmoja tu, na mtu huyo tulimkuta ameshahama. Tulikaa barazani pa nyumba isiyo yetu katika Mji wa Kale, na jua linakuchwa. Mwenye nyumba akatoka. Hakuuliza mnatoka wapi wala mnakwenda wapi. Alimwambia mama, "Ingia, bibi, watoto wana njaa." Tulikaa miezi minane. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne, akipika vitumbua vya kuuza. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yule bibi jembe hakutupa, ila mama alilichukua mwenyewe, akawa anatwanga mchele alfajiri na kushona kofia usiku. Tulipopata njia ya kwenda Ghuba, mama alivua bangili yake ya pekee ampe. Akaikataa. Akasema, "Mkifika, nileteeni habari."

Tulifika. Mwanzo tulikuwa na dhiki, hatukuandika. Kisha tukapata nafuu, tukaona haya kwa kuwa tumechelewa. Kisha nikaja huku Uingereza, nikasoma, nikaoa, nikajenga maisha. Mama alinikumbusha mpaka anafariki. Nilikwenda Mombasa mwaka 1998. Nyumba ilikuwa imeuzwa, watoto wametawanyika, na mzee mmoja wa mtaa akaniambia bibi alikwisha fariki miaka sita nyuma. Nilimsomea Fatiha, nikatoa sadaka kwa jina lake, nikarudi. Miaka yote hii nilijiambia kwamba deni lile nilishindwa kulilipa kwa sababu nilichelewa kupata pesa. Yule bibi wa mlimani amenifunulia kwamba deni halikuwa la pesa hata mara moja. Lilikuwa la stempu.

Yuko mmoja aliyekumbuka. Éric Schwam alizaliwa Vienna, akafika Le Chambon mwaka 1943 akiwa mtoto, pamoja na wazazi wake na bibi yake. Walipona. Akasoma utaalamu wa dawa, akaishi eneo la Lyon, akafa mwezi Desemba 2020 akiwa na miaka 90. Wasia wake ulipofunguliwa, ikaonekana ameliachia halmashauri ya kijiji fedha zinazokadiriwa kuwa kiasi cha euro milioni mbili, zitumike kwa elimu na vijana. Wala hakuwa ametangaza popote. Fedha hizo si haba kwa kijiji cha namna ile. Maana huko nako mambo yamebadilika. Mwaka 1955 Ufaransa ilikuwa na mashamba milioni 2.3, hesabu ya mwaka 2020 ilikuta karibu 390,000. Skuli ya wale wachungaji ilifungwa mwaka 2014. Vijana hushuka mjini kama vijana wa kila mlima. Hata hivyo, katika karne hii nayo kijiji kimewapokea watu wanaoomba hifadhi kutoka Kaukasi, Afrika na kwingineko.

Wakati wa kuondoka yule bibi alimwita mjukuu wangu, akamtia apuli mbili mkononi. Njiani mtoto akaniuliza, "Babu, yule mvulana kwa nini hakuandika?" Nikamwambia labda aliona haya. Akasema, "Haya ya nini?" Nami sikuwa na jibu ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili angelikubali.

Basi nina ombi moja, na mhariri amenikubalia. Kitabu chetu hiki kila mwaka huandika waliozaliwa, waliooa, waliohitimu na waliotangulia mbele ya haki. Hatujawahi kuandika waliotupokea. Kila nyumba miongoni mwetu inayo jina la mtu: wa Mombasa, wa Tanga, wa Dar es Salaam, wa Dubai, wa Maskati, hata yule jirani Mwingereza aliyekuja na blanketi siku ya theluji ya kwanza. Waulizeni wazee wenu mwaka huu, wangali wanakumbuka. Andikeni jina, mtaa, mwaka, na walichowafanyia, japo kwa mistari mitatu. Tutatenga kurasa katika toleo la mwakani. La kwanza nitaleta mimi.

Na kama mtu wenu huyo yu hai, au wanawe wako hai, msingoje toleo. Chukueni simu leo. Msiombe radhi kirefu, wala msieleze kwa nini mmechelewa. Waambieni tu kwamba watoto wale walifika.

Mpaka mwakani, tukijaaliwa uhai na uzima.

Mzee wenu wa matembezi